Maharage ya Mama

Jana mchana, nikiwa nimejinyoosha kwenye kitanda cha marehemu mama, niliota nimeitwa tena kusoma wasifu wake, na safari hii viti vimekuja msibani bila watu.

Ni viti vya plastiki, vile vyeupe vya kukodi. Vimejipanga uani safu kwa safu, na vya nyuma vinanong'ona, kama kawaida ya wanaokaa nyuma. Nasalimia, vinaitikia. Kimoja kilichofungwa mguu kwa waya kinachechemea hadi mbele yangu.

“Pole na msiba, mwalimu,” kinasema.

“Nimeshapoa.”

“Mimi bado. Siku ile ulipokimbia ulinipiga teke. Unaona waya huu?”

Nakiomba radhi. Kinasema si neno, ila leo nikitaka kukimbia nikiarifu mapema ili kisogee.

Inabidi nieleze habari za siku ile. Tulimzika mama siku thelathini na sita zilizopita, siku nne baada ya kufariki, hapa hapa nyumbani Upare, chini kidogo ya kanisa. Mimi ndiye mtoto wake mkubwa, na tena ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na sita kazi yangu imekuwa kufundisha watu kusoma. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala, wasifu wa marehemu atausoma Nanzia. Niliuandika mwenyewe, kurasa mbili: Eliwaza Mbwambo alizaliwa lini, akabatizwa wapi, akaolewa na nani, akajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Kajiru. Nikasoma vizuri mpaka katikati ya ukurasa wa pili. Hapo pana sentensi isemayo: “Mama yetu hakuwahi kuogopa kitu chochote maisha yake yote.”

Nilipofika kwenye “hakuwahi”, koo likafunga. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, jua likawa jeupe kupita kiasi. Nikajua, kwa hakika ile ile ninayojulia jina langu, kwamba nakufa papo hapo mbele ya jeneza la mama. Nikakitupa kipaza sauti, nikatimua mbio hadi nyuma ya zizi, nikakaa kwenye samadi na sare yangu ya msiba. Waliponipata, mama alikuwa ameshafukiwa. Udongo wangu sikuuweka. Shangazi alisema nimeuaibisha ukoo.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilishanipata sokoni, ikanipata darasani mbele ya watoto sabini. Nilikwenda hospitali nikapimwa moyo, wakanibandika waya, wakaniambia ni mzima kabisa. Nikaona aibu kuwa mzima. Wakanipeleka kwa mshauri, Bi Mwantumu, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Yeye akasema kitu hicho kina jina na kina wenyewe, tena wengi, akaniandikia masharti kwenye karatasi. Hofu ikija usipigane nayo, ikaribishe. Toa pumzi kwanza, taratibu, kama unapoza uji. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyogusa, vitatu unavyosikia, viwili unavyonusa, kimoja unachoonja. Na la mwisho: itapita.

Leo ndiyo arobaini. Jana Kajiru aliniuliza mara mbili kama nitausoma ule wasifu mpaka mwisho, ili mama aagwe kama watu wanavyoagwa. Mara zote mbili nilimjibu kwamba naenda kulala. Ndiyo nikalala.

Basi, kwenye ndoto naikunjua karatasi. Maneno yote yapo isipokuwa sentensi ile. Imeshuka kutoka kwenye ukurasa, imekaa ukingoni mwa meza, inaning'iniza miguu.

“Rudi mahali pako,” naiambia. “Nataka kusoma.”

“Sipiti hapo,” inasema, ikinionyesha koo langu. “Siku ile nilijaribu. Pamebana.”

“Pamebana kwa nini?”

“Kwa sababu mimi ni uongo, mwalimu. Uongo mdogo mdogo hupenya. Mimi nina maneno tisa.”

Hapo nakasirika. Naiuliza kama inamjua mama yangu. Naiambia habari za nyoka aliyemuua jikoni kwa mchi, akamtupa nje, akaendelea kutwanga. Naiambia alivyomkoromea mwenyekiti wa kijiji mbele ya mkutano mpaka mwenyekiti akatafuta kofia yake ili aondoke. Sentensi inasikiliza kwa makini. Inasema hayo yote ni kweli, na kwamba kila moja litapita vizuri likiandikwa peke yake.

Kabla sijaijibu, mtu anabisha hodi akiwa tayari ameshaingia. Ni mwanamke wa makamo, kimo changu, amevaa sare ya msiba kama yangu na amejitwika godoro.

“Karibu. Nani mwenzangu?”

“Naitwa Hofu. Nimesikia siku hizi nakaribishwa.”

Sharti ni sharti. “Karibu ndani,” nasema.

“Ahsante. Nitalala wapi?”

“Kwani unalala?”

“Miaka yote mlikuwa mnanifukuzia mlangoni, ndiyo maana nikawa napiga kelele. Leo nimekaribishwa, nimekuja na godoro.”

Anatazama huku na huku. Viti vyote vinajifanya vina watu. Basi anakaa juu ya kifua changu, kwa adabu, miguu ameibana pamoja, na mimi pumzi zinaniishia.

Hapo uani panakuwa duka. Ni duka la soda, kreti zimepangwa mpaka darini, na kila chupa ina pumzi ndani yake. Anayeuza ni kile kipimo cha presha alichokuwa nacho mama nyumbani, kimejifunga kiunoni kitambaa chake cha kubana mkono.

“Naomba pumzi moja,” nasema.

“Chupa tupu iko wapi?”

“Sina. Nina haraka, nakufa.”

“Wote wanaokuja hapa wanakufa. Tangu nifungue duka hili sijaona aliyemaliza. Chupa tupu kwanza.”

Nakibembeleza. Nakiambia mimi ni mwalimu, nafahamika, chupa nitaileta kesho. Kinasema biashara ya pumzi haina kesho. Kinaniambia nijitazame kifuani. Natazama, na kweli, kifua kimejaa pumzi kuukuu, zile nilizozibana tangu siku ya mazishi, zimeanza kushika vumbi. Natoa moja, taratibu, kama napoza uji. Inateremka kwenye chupa ya kijani. Kipimo kinainusa, kinaiweka kwenye kreti, kinanipa mpya.

“Umenisogeza,” anasema Hofu pale kifuani.

“Samahani.”

“Usijali. Nimepata nafasi ya kutandika.”

Natoa ya pili, napewa ya pili. Kipimo kinaniangalia.

“Unazitoa kama mama yako,” kinasema.

“Mama alikuwa akija hapa?”

“Kila Jumapili, wakati wa mahubiri.”

“Mama hakuwa na shida hii. Mama alikuwa na presha.”

“Presha ni jina tulilokubaliana,” kinasema, halafu kinageuka kupanga kreti.

Silipendi jibu hilo. Nataka kutoka dukani, lakini mlango hauonekani, kwa hiyo nashika sharti lingine, nataja vitu vitano ninavyoviona. Kreti. Taa. Ndoo. Ufagio. Chupa ya kijani. Kila ninachokitaja kinasema “Nipo, mwalimu,” kinatoka mahali pake na kupanga mstari nyuma yangu. Nagusa, nasikiza, msururu unazidi kuwa mrefu. Nafika kwenye kunusa, na hapo harufu ya ndimu inanipiga puani. Naifuata. Natembea hatua tatu tu, nikiwa na ndoo na ufagio nyuma yangu, na mbele yangu ni kanisani, Jumapili, mchungaji yuko katikati ya mahubiri.

Mama amekaa benchi la mwisho, mwisho wa benchi, karibu na mlango. Ndipo alipokaa siku zote.

Sasa hapa lazima niwaambie jambo la maharage. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa halijui. Kila Jumapili, mahubiri yakifika mahali fulani, mama aliinama akatunong'oneza, “Naangalia maharage.” Halafu akatoka. Nyumba yetu iko hapo chini tu, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Alirudi kabla ya wimbo wa mwisho, amenawa uso, akaimba sauti ya pili. Kajiru alikuwa akinipiga kiwiko, “Maharage yameita,” na tukabana vicheko. Hata mchungaji wa zamani alimtania mimbarani, kwamba katika usharika wake kuna maharage magumu kuliko mioyo ya wenye dhambi. Mama alicheka pamoja na kanisa zima, amejiziba mdomo kwa pindo la kanga. Hakuna aliyejiuliza mbona siku nyingine Jumapili tulikula makande, siku nyingine ndizi, na yeye bado alikwenda kuangalia maharage.

Harusini alitoka. Kwenye ubatizo alitoka. Siku ya mahafali yangu ya chuo cha ualimu alitoka wakati jina langu linaitwa. Nilipokea cheti nikageuka kumtafuta, nikaona kiti kitupu. Nilimnunia mwaka mzima. Hakuniambia kitu, na mimi sikumuuliza.

Kwenye ndoto anainama, ananong'ona kwa mtu asiyekuwepo, anasimama. Namfuata. Hatuteremki nyumbani. Anazunguka nyuma ya kanisa kwenye tangi la maji, na hapo, juu ya mafiga matatu yasiyo na moto, kuna sufuria yetu kubwa.

Naifunua. Ni tupu, tena kavu.

“Funika, tafadhali,” inasema sufuria. “Mimi ni ya wali. Miaka thelathini natajwa kwa kazi nisiyoifanya, sikulalamika hata siku moja. Angalau mnifunike.”

Naifunika. Mama amelikumbatia lile tangi, ameegemeza paji la uso kwenye bati lake la baridi. Mabega yanapanda na kushuka. Mkononi amekamata ndimu, kucha ya dole gumba imezama kwenye ganda, anainusa.

“Mama.”

“Ngoja kidogo, mwanangu. Inapita.”

Nangoja. Mahubiri yanasikika kwa mbali, hayaeleweki. Baada ya muda inapita kweli. Ananawa uso bombani, anajipangusa kwa kanga, ananigeukia na ule uso wake wa kuimbia wimbo wa mwisho.

“Tangu lini?” namuuliza.

“Kabla hujazaliwa.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema nini, Nanzia? Magonjwa tuliyoyajua yalikuwa na majina. Hili halikuwa nalo, nikaliita maharage.”

“Ungeniambia mimi. Mimi ninalo hilo hilo, mama. Nilidhani nina kichaa. Nilidhani niko peke yangu.”

“Nilidhani nikilifunga kwenye pindo la kanga litaishia kwangu.” Anaigeuzageuza ndimu. “Halafu siku moja nikakukuta kanisani umehamia mwisho wa benchi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Wenzako wako mbele kwenye kwaya ya watoto, wewe unatazama mlango. Nikajua. Nilikwenda nyumbani nikalia, na siku hiyo maharage nikayapika kweli, ili machozi niyasingizie moshi.”

Namuuliza lile lililonikaa moyoni miaka yote.

“Na siku ya mahafali yangu?”

“Nilikuwa nyuma ya vyoo vya chuo. Nilisikia walivyolitaja jina lako, jina la baba yako na daraja ulilopata. Nilipiga makofi peke yangu mpaka mpishi akatoka kuangalia.”

Nalia. Ndoo iliyonifuata kutoka dukani inajisogeza karibu, inaonekana imezoea kazi hiyo.

“Mama, udongo wangu sikuuweka.”

“Najua. Ulikuwa nyuma ya zizi. Nilikusikia unavyohema, nikasema, mwanangu yupo.”

Hofu anafika, ametua godoro. Anapiga goti kidogo kwa heshima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kumbe umeshahamia kwa binti?”

“Nimekaribishwa.”

“Usimlalie kifuani. Mwambie akutandikie pembeni.”

“Sawa, mama,” anasema Hofu, na anaanza kutafuta pembeni.

Nyuma yake inakuja ile sentensi, imechoka, maneno yake tisa yanaburuzana. Inasimama mbele ya mama. Mama anaisoma polepole, akifuatisha kwa kidole, kama wanavyosoma watoto wangu wa darasa la kwanza.

“Hii ndiyo uliyoniandikia?”

“Ndiyo, mama.”

“Nzuri sana,” anasema. “Inamhusu nani?”

Nainamisha kichwa. Hapo ndimu inakohoa.

“Samahani kwa kuwakatiza,” inasema. “Nimebakiwa na nafasi moja tu, hapa karibu na kikonyo. Kwingine kote mama ameshabonyeza.”

“Hiyo namwachia Nanzia,” anasema mama. Anaifunga ndimu kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, anavuta kwa meno kukaza. Ndani ya kanisa wanaanza wimbo wa mwisho. “Nirudi,” anasema, “wasije wakanitafuta.” Anazunguka kona ya kanisa. Namkimbilia, nazunguka kona ile ile, na pale pana ukuta wa chumba chake cha kulala, dirisha, na jua la saa kumi.

Nimeamka.

Nililala pale nikitoa pumzi, moja moja, mpaka nikahakikisha ziko. Nje Kajiru alikuwa akizungumza na watu walioleta viti. Kwenye kona ya chumba, juu ya sanduku, kulikuwa na ule mfuko tuliopewa hospitali siku mama alipofariki. Hakuna aliyeufungua. Nguo za marehemu hufunguliwa siku ya arobaini, zikagawiwa kwa ndugu, na mpaka siku hiyo haziguswi. Zilibaki saa chache. Niliufungua.

Juu ilikuwa kanga aliyokwenda nayo hospitali, ile ya bluu. Niliivuta, nikaikunjua pembe moja, pembe ya pili. Pembe ya tatu ilikuwa na mafundo mawili, yamekazwa sana. Niliyafungua kwa meno.

Ilikuwa ndimu, imekauka, kahawia, ngumu. Ganda lake lote lilikuwa na alama za kucha, vipinde vidogo vidogo vimebanana, vingine juu ya vingine. Nilikumbuka muuguzi alivyotuambia kwamba mama yetu alikuwa mtulivu mno siku zile za mwisho, hakusumbua mtu. Niliizungusha mbele ya dirisha. Hapakuwa na mahali palipobaki, isipokuwa karibu na kikonyo. Hapo palikuwa laini, pana upana wa kucha moja.

Nililia kwa ajili yake kwa mara ya kwanza tangu afe. Siku zote kabla ya hapo nilikuwa nalia kwa ajili yangu. Miaka yote ile alikuwa nyuma ya tangi la maji peke yake, na sisi tulikuwa ndani tunacheka. Nilichukua kalamu, nikafungua wasifu, nikaikata sentensi ile kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika: “Mama yetu aliogopa kila Jumapili, na kila Jumapili alirudi kabla ya wimbo wa mwisho.” Niliisoma kwa sauti ya chini. Ilipita.

Kajiru alichungulia mlangoni.

“Dada, watu wa viti wanataka kuondoka. Wameshapanga vyote. Na wewe… kesho utasoma?”

“Nitasoma. Waambie kiti kimoja wakiweke mwisho kabisa, upande wa kwenda zizini.”

“Cha nini?”

“Maharage yakiita.”

Alicheka, kama tulivyocheka siku zote. Halafu akaona mfuko umefunguliwa, akaona kilichoko kiganjani mwangu. Aliingia, akaichukua ndimu, akaizungusha kwenye mwanga. Aliweka kucha yake juu ya alama moja, kisha juu ya nyingine. Zilikuwa ndogo kuliko yake. Nilimweleza yote, la tangi, la makande, la mahafali. Hakuniuliza nimeyajuaje. Alikaa kitandani kando yangu, na nikaona anavyotoa pumzi, taratibu, mdomo ameubinua kidogo, kama mtu anayepoza uji. Hakuna aliyemfundisha hivyo mbele yangu.

Baadaye aliinuka, akanirudishia ndimu, akatoka uani.

“Jamani,” nilimsikia akiwaambia watu wa viti, “kule mwisho wekeni viwili.”